Mstari wa Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, shemeji na watoto pia, na lile goti lako limeacha ukorofi. Mimi mwili hauna neno, ila situlii. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani, narudi kwenye kiti. Chai inapoa kabla sijaigusa.

Kisa ni kazi. Unajua natunza kumbukumbu za wagonjwa hapa hospitalini. Zote zimo katika jedwali moja kubwa ndani ya kompyuta, kila mgonjwa na mstari wake. Taarifa ikibadilishwa, nakala ya zamani hubaki kama taka, na kompyuta huzifagia yenyewe kila siku. Wiki tatu zilizopita ufagio uligoma. Jedwali likavimba, kutafuta jina moja kukachukua dakika nzima, foleni ya mapokezi ikafika getini. Muuguzi wa zamu alinitania kwamba wagonjwa watapona wakisubiri. Siku ya pili hakuwa na utani, alinifokea.

Tulihangaika. Tuliongeza nafasi, tukapanga upya faharasa ya kutafutia majina, wapi! Kuizima kompyuta hatukuthubutu, wodi zote zinaitegemea. Mkuu wetu akaanza kumtupia jicho fundi mgeni, tunayemwita Mpole, maana mambo yaliharibika wiki ileile aliyoanza kazi. Juzi akamwambia mbele yetu aende nyumbani akasubiri barua. Mpole alikusanya daftari zake, na mimi nikainama kana kwamba natafuta kalamu.

Nilikuwa najua. Ufagio hauondoi taka ikiwa kuna mtu ameanza badiliko hajalithibitisha. Kukagua orodha ya mabadiliko kama hayo ni jukumu langu, na wote waliamini nimeikagua. Nilikuwa naikwepa. Asubuhi ya siku hiyo, kabla Mpole hajafukuzwa, niliifungua, nikakuta limo moja tu, la wiki tatu. Lilikuwa langu.

Dada, uliniuliza kwa nini simu ya mama uliyobaki nayo bado inaletewa ujumbe wa hospitali kila Jumatatu, kumkumbusha kliniki, ukaniomba niukomeshe. Nilikujibu nimeshashughulikia. Nilikudanganya. Nilifungua mstari wake, nikaandika kwamba amefariki, ikabaki kuthibitisha tu. Kidole kikakataa. Nikazima kioo nikaenda zangu, na kila siku nikawa napita kando ya kompyuta ile nikijifanya siioni.

Jana nilimweleza mkuu kila kitu. Alimpigia Mpole simu kumwomba radhi, kisha akavuta kiti akakaa kando yangu. Nikabonyeza. Kufikia alasiri foleni ilikuwa imeisha. Nililia mbele ya watu, dada, na sioni aibu. Mpole amerudi leo. Salamu yangu ameipokea, ila usoni hajanitazama, na ana haki.

Nisalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Na Jumatatu asubuhi, simu ya mama isipolia, naomba unipigie wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba