Vesta Imehama

Jumatatu, 5 Mei
Naapa kuandika kila kitu, hata yanayoniaibisha. Saa moja jioni nimetoka tena uani na darubini ya mikono aliyoniachia Madam Rehema, mwalimu wetu wa fizikia. Amehamishiwa Mpanda. Klabu ya anga sasa ni mimi peke yangu.

Kazi aliyoniachia: niitafute Vesta, asteroidi iliyo kati ya Mirihi na Mshtarii. Inaonekana kama nyota tu. Kwa hiyo unachora nyota za sehemu moja leo, unachora tena siku nyingine, unalinganisha. Iliyohama ndiyo Vesta.

Nimechora. Ile ya chini kabisa mashariki, ya manjano. Nadhani ndiyo.

Jumanne, 6 Mei
Bibi ameuona mchoro. Amecheka mpaka akaketi. "Atupele, mjukuu wangu, hii ni taa ya watu. Pale ni mlimani. Nyota yako inapika ugali."

Kweli. Giza likiingia mlima hauonekani, taa zinaelea. Aibu. Nimechora upya, juu zaidi, kwenye kundi la nyota la Mizani, alikosema Madam.

Alhamisi, 8 Mei
Ukungu. Jana pia. Jumatatu mwezi utakuwa mpevu, karibu kabisa na Vesta. Mwanga wake utaifunika.

Darasani wananiita Mama Nyota. "Mama Nyota, leo umeona nini?" Nimeona ukungu.

Nimesoma badala yake. Vesta hulizunguka jua kwa miaka mitatu na nusu na zaidi kidogo. Hujizungusha yenyewe kwa saa tano na ushei. Uso wake ni mawe ya volkano, kama ya Mlima Rungwe. Nilitaka kumwambia mtu hilo. Hakukuwa na mtu.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua. Nimelia.

Jumamosi, 10 Mei
Upepo umeondoa ukungu. Nyota zote ziko nilipozichora, isipokuwa moja. Imesogea kidogo kuelekea magharibi.

Nilimwita Bibi. Alitazama muda mrefu. "Ndaga fijo," akaishukuru Vesta, kama mgeni aliyeleta ndizi. Akarudi jikoni.

Nikabaki uani. Kesho baada ya ibada nitaipiga picha michoro miwili, nimtumie Madam kwa simu ya Bibi. Sitaandika mengi. Swali moja tu, na ningependa anijibu kesho hiyohiyo: Madam, huko umeshapata mwingine wa kutazama naye?