Swali la Ndugu Getini

Soweto, Mbeya
14 Juni

Dada yangu Apolonia,

Kamwene, na Tumsifu Yesu Kristo. Mimi na wifi yako Sekela ni wazima, ni baridi tu ya mwezi huu inayotutesa. Goti lako linaendeleaje huko Mlandege? Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla ya kumaliza. Kaa kwanza, ndipo usome.

Unajua kazi yangu gerezani ni kuandikisha wanaoletwa. Tunawauliza getini, kwa sauti, mbele ya wote: umewahi kufungwa? Una ndugu wa kukutembelea? Nyapara, yule mfungwa anayewapangia wenzake pa kulala, husimama pale akisikiliza. Kijana mwembamba, mgeni wa jela, asiye na wa kumuulizia, anapelekwa kulala kwa wababe. Wanachomfanyia huko mtoto wa watu unakielewa bila mimi kukiandika. Akilalamika, anaambiwa ni uongo wa wafungwa! Mara mbili nilimwambia mkubwa wangu, Afande Jailos, kwamba maswali yale yaulizwe faragha. Alicheka, akasema jela si hoteli. Hakimu hutoa kifungo, dada. Hii adhabu nyingine kaitoa nani?

Sasa nikuambie habari za mwanao Aroni. Nilikudanganya kwamba yuko machimboni Chunya. Alikamatwa Uyole kwenye lori lililobeba mbolea ya wizi, na kesi haijasikilizwa. Alipofika getini alinitazama, akingoja nimwite mjomba. Mimi nikaona aibu mbele ya Jailos, nisije nikaambiwa ukoo wetu ni wa wezi. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wengine kama ana ndugu. Akazidi kunitazama tu. Nikaandika kwamba hana.

Siku ya kumi alipelekwa zahanati. Nisamehe, ingawa sistahili. Yote nimeyaandika, pamoja na jina langu, nikampelekea hakimu, na kazi ikiniponyoka basi iponyoke. Aroni amehamishwa chumba, lakini hataki kuniona. Amemwambia mganga anakutaka wewe.

Njoo Jumatano kwa basi la asubuhi. Getini watakuuliza wewe ni nani wake. Jibu kwa sauti, nyapara asikie, na Jailos asikie.

Nisalimie Anjela na majirani wote, na mniweke katika sala zenu.

Mdogo wako,
Liberatus, mjomba wa Aroni