Mwendo wa Telki

Wema,
S.L.P. Garsen.
3 Septemba 2025

Mpendwa kaka Mahmud,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo huko Maskati? Joto limepungua? Na lile goti lako linaendeleaje? Sisi huku kijijini Wema wazima, alhamdulillahi. Mto umeshuka, mahindi ya ukingoni tumeshavuna, na ndizi mwaka huu zimejaa mpaka tunagawia majirani.

Najua simu tunapigiana. Lakini haya yanamhusu mama yako, na kwenye simu mtandao hukatika kila nikifika patamu. Ndiyo maana nimekaa chini niandike.

Tangu masika mama yako hashuki kitandani, miguu imemvimba. Yuko kwa dada yako Hanan pale Garsen, anatunzwa vizuri, hilo lisikutie wasiwasi. Kilichokuwa kikimsumbua ni kutomwona ndugu yake, baba yangu. Kila nikienda kumjulia hali ananiuliza, "Uledi yuko wapi? Kwani Wema imehamia Arabuni?"

Naye baba, tangu aanguke shambani, nyonga yake haijapona sawasawa. Tulijaribu kumpakia kwenye bodaboda. Hatukufika mbali, akalia kama mtoto, tukamrudisha. Gari nalo vilevile, mashimo ya njia yetu unayajua. Halafu asubuhi moja akaniambia, "Swaleha, nitafutie punda anayekwenda telki."

Kaka, neno hilo sijalisikia tangu utotoni! Unakumbuka punda wa baba kule Kipini? Hatua fupifupi za haraka, mgongo umetulia, baba juu yake na kikombe cha kahawa mkononi, wala tone halimwagiki. Si kutembea, si kukimbia. Na sisi nyuma tukimwigiza, tunachezesha viuno, mpaka bibi anatutimua. Siku hizi punda wa hapa wanabeba madumu ya maji, wanajikokota tu.

Nikaenda kwa jirani yetu Barwako, yule mama muuza maji. Akaja na punda wake huku anacheka. "Mzee, hii punda yangu inajua maji tu. Telki ni nini?"

"Ni mwendo," baba akamwambia. "Tutamfundisha."

Kila jioni baba akawa anakaa nje kwenye kigoda, anaamrisha. "Mzuie! Usimpige, mzuie tu. Sasa mwachie kidogo." Punda ama anatoka mbio, ama anasimama kula majani. Barwako jasho linamtiririka. Katikati ya hayo Hanan akapiga simu kusema mama yako amekataa chakula. Baba akaanza kumwita Barwako hata asubuhi, kabla hajaenda kuuza maji. Mimi nilishakata tamaa.

Mpaka jioni moja mlio wa kwato ukabadilika, ukawa sawasawa, kama mvua inayoanza juu ya bati. Barwako akapiga ukelele, "Mzee, ndiyo hii?" Baba akaitikia kwa kichwa, machozi yanamlengalenga.

Tulitoka alfajiri. Tulimtandikia punda magunia, Barwako akishika kamba na kukimbia ubavuni, mimi nyuma kwa pikipiki na chupa ya chai. Baba hakuguna njia nzima. Tulipoingia Garsen vijana wa stendi walitoa simu wakapiga picha.

Mama yako alikuwa amelala ndani, mlango umefungwa. Hanan amenisimulia kwamba hata hatujabisha hodi, aliinua kichwa. "Telki hiyo," akasema. "Uledi amekuja."

Walivyokumbatiana sitaandika, nitalia, nawe utalia. Walikula pamoja, mama yako akamaliza sahani. Kisha akasema, "Nipandisheni."

Hanan akaruka. "Mama, na miguu hiyo?"

"Tulipokuwa wadogo babu yenu alimpandisha Uledi punda wa telki, kwa kuwa ni mwanamume. Mimi mkubwa wake nilikimbia nyuma na fimbo, kila siku ya Mungu, kwenda shamba na kurudi. Nipandisheni."

Tukambeba, tukamkalisha. Barwako akashika kamba, mimi na Hanan tukamshikilia huku na huku, tukakimbia naye mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Baba alikuwa ameegemea ukuta anatutazama. Mama yako kanga imemwangukia mabegani. Tulipofika akamgeukia baba.

"Kumbe ndivyo raha yake ilivyokuwa, Uledi. Na miaka yote hiyo hukuniambia."

"Nilidhani unajua, dada," baba akasema.

Nisikudanganye, kaka, mama yako bado yu kitandani. Lakini anakula, na anakutaja. Ukipata ruhusa kazini, njoo.

Nisalimie wifi Mashavu na watoto. Baba anakusalimu, Hanan pia, na Barwako anasema ukija atakukodisha punda. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi nikupendaye, binti wa mjomba wako,
Swaleha