Kumweka Nyambura Benchi

Jumatatu, 3 Novemba
Mazoezi ya hoki tena, vumbi tena. Juzi tulishinda mkondo wa kwanza wa nusu fainali hapa Thika, bao moja bila. Nyambura ndiye alifunga. Dada yangu mdogo, kapteni wa timu ninayoifundisha, na tunaishi nyumba moja Kimbo. Nimefurahi? Kidogo. Jumamosi tunarudiana na hawa wa Ruiru kwao, kwenye nyasi bandia. Hapo ndipo naogopa.

Jumanne, 4 Novemba
Nimetazama kwa simu mechi zetu zote za nyasi bandia. Ni kitu kile kile. Nyambura anausimamisha mpira kwanza, anainua kichwa, ndipo anapiga. Kwa murram, uwanja wetu wa changarawe, ni lazima, mpira unarukaruka kama panzi. Kule unateleza tu, na beki hangoji. Mwende, mshambuliaji wetu wa akiba, yule msichana wa Matuu, hana nguvu za Nyambura. Lakini anaupiga ukija.
Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 5 Novemba
Nilimwambia Nyambura ajaribu kupiga bila kusimamisha. Akakosa, akakosa tena, akalitupa gongo. Miaka yote ya murram haitoki kwa wiki moja. Jioni Mama akapiga simu kutoka Mugutha. Anakuja Jumamosi na akina mama wa kanisa kumwona Nyambura akicheza. Ngai, Mungu wangu!

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemwambia Nyambura. Mwende anaanza, wewe benchi. Hakulia. Aliuliza kama Mama anajua. Hajui. Sikumwambia kwa uoga tu, basi. Akajifungia chumbani, chakula chake kikapoa mezani.

Jumamosi, 8 Novemba
Tumetolewa. Mbili bila. Mwende alipata nafasi moja safi, akaupiga ukija, ukagonga mlingoti. Robo ya mwisho nikamwingiza Nyambura. Akausimamisha, akanyang'anywa. Akina mama walikuwa wakiita jina lake tangu mwanzo. Mama hakunisalimia. Mchezaji wangu mmoja alinong'ona eti namwonea dada yangu wivu. Nilisikia. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Novemba
Sikuenda kanisani. Nyambura alienda, na Mama akamuuliza mbele ya watu kwa nini niliwaaibisha hivyo. Alichomjibu hakuniambia. Alivua viatu vyake vya kanisa, akaketi jikoni, tukachambua sukuma wiki na kuikata. Halafu, bila kuniangalia, akasema:
"Ningekuwa kocha, hata mimi ningejiacha nje."
Nikaendelea kukatakata. Yeye akainuka kuosha sufuria.