Kurasa za Wino Mwekundu

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa mtaani kwetu Albert Park hakuna aliyesoma kunizidi. Haya, ni uongo. Niliishia darasa la tano. Bibi yako anakusalimu huko Cape Town. Lifti ya jengo letu imekufa, magoti yake pia, basi ameacha kushuka hata kwenda kanisani.

Umeuliza kama uondoe kazi ulizokosea kwenye faili lako, ili mkaguzi akubali mama yako aendelee kukufundisha nyumbani. Kule Bukavu nilikosoma, mkaguzi alipokaribia kuja, mwalimu alichoma madaftari yetu yenye wino mwekundu, tukanakili mapya kutoka ubaoni. Langu lilimeta kama upara wa mwalimu. Mkaguzi akalisifu, kisha akasema, "Haya kijana, njoo ufanye hesabu hii."

Nikasimama kama mbuzi kwenye mvua. Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuelewa kugawanya, na kila hatua niliyojaribu ilikuwa imeungua pamoja na lile daftari chafu. Kwa aibu sikurudi shule. Mpaka leo najiuliza ningefika wapi.

Ulipokalia miwani yangu ikavunjika, uliahidi kunisomea gazeti kwa simu mara saba. Zimebaki nne. Ukipiga tena, acha gazeti, nisomee kurasa ulizotaka kutoa.

Babu yako