Panya wa Kiu na Adhana ya Magharibi

Jumatatu, 4 Ramadhani
Pumba nimetia, maji nimebadili. Shule imefungwa, panya weupe watatu wa maabara ninayoitunza nimewahamishia barazani kwangu. Mkuu wa shule kasema shule siku hizi inajitegemea. Kisichofundisha kitu hakina nafasi. Atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuamua. Wakishindwa, watatupiwa paka. Hawatashindwa.

Nimewapa majina. Njaa: anakunywa, hali mpaka magharibi. Kiu: anakula, hanywi mpaka magharibi. Shibe: kila kitu ruksa, kama nchi yenyewe. Kila mmoja ana gurudumu la kukimbilia, kopo la maziwa kwenye spoku ya baiskeli, nione nani atakimbia na nani atakaa.

Jumatano, 6
Njaa anakimbia mchana kutwa. Kiu kakaa. Pumba ziko mbele yake, hazigusi. Shibe kalala kama diwani.

Mimi vilevile. Asubuhi njaa imenipeleka dukani mara mbili, sina cha kununua. Alasiri, koo kavu, hata nzi sikumfukuza.

Jumamosi, 9
Mama mkwe kaja jana kutoka Tingi kufunga nasi.
Leo alasiri Kiu kakimbia kama kasikia mitumba imefunguliwa. Sielewi. Nina hasira.

Jumapili, 10
Tena. Halafu nikaona pumba zake zimelowa.
Mke wangu Mwanaidi hawagusi panya, anawaogopa. Anabaki mtu mmoja. Nami mkwe simuulizi jambo. Namsalimu, naangalia chini, napita.

Jumanne, 12
Nimemtuma Mwanaidi. Jibu nimelisikia kupitia pazia, maana sauti haikupunguzwa:
"Mwambie mumeo, nani kamwambia panya kafikia umri wa kufunga? Kiumbe ana kiu, mimi nina maji. Niache thawabu ipite?"
Nina siku tatu.

Jumatano, 13
Nimepata njia. Mwanaidi kapeleka ujumbe: maji ya Kiu ni ya mama, hakuna mwingine atakayemnywesha. Ila iwe kwenye adhana, kama kumfuturisha aliyefunga.
Pazia likajibu: "Haya. Lakini muadhini akichelewa, mimi sichelewi."

Ijumaa, 15
Mkuu kaja baada ya alasiri. Midomo mikavu, naye kafunga. Njaa yuko mbioni. Kiu kakaa.
"Huyu mgonjwa?"
"Mzima, mwalimu. Kiu imemfungia na chakula."
Kasogeza pumba kwa kalamu. Kiu kageuza uso. Mkuu kachukua kofia yake. Nikaogopa. Panya aliyekaa hamwokoi mtu, hata nafsi yake.
Pazia likasema: "Mwanaidi, mwambie mgeni haondoki mtu hapa bila kufuturu."
Mkuu kakaa.
Adhana. Mama mkwe katoka na maji kwenye kifuniko, kampita mkuu, kanipita mimi mkwe, kaenda kwa panya. Kiu kanywa. Kapumzika. Kala. Kisha akapanda gurudumu.
Mkuu kasahau tende mkononi.
"Kidato cha Pili waione hii," kasema. "Wabaki."

Jumatatu, 2 Mfungo Mosi, Idi Pili
Mama mkwe karudi Tingi asubuhi. Salamu kaacha kwa Mwanaidi: mkwe asisahau maji ya yule mmoja.
Shule bado tupu. Panya nimewarudisha maabara, wote wana maji, wote wana pumba. Kiu kalala ubavu kwa ubavu na Shibe. Siwezi tena kuwatofautisha.
Nimejaza kifuniko cha Kiu. Kisha nikamimina chai yangu.