Mguu wa Kushoto

Sumbawanga, karibu na uwanja wa ndege
20 Oktoba 1975

Mwanangu Flavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Sisi hatujambo, ila mgongo wangu ni uleule. Barua hii naandika kwa mkono wangu, darasa la watu wazima limenifikisha hapo, usinicheke.

Ile ndege yenu kuukuu ya vita ya Hitla ilileta dawa ya nzige, na sasa imo shambani kwangu! Mguu wa gurudumu la kulia ulitoka, wa kushoto ukatoka nusu ukagoma. Ikatua imeinama, ikaparamia uzio, ikalala juu ya ntumba zangu, matuta yote ya majani niliyoyafukia tangu Machi ili nipande ulezi. Rubani katoka mzima, kaomba maji, kaenda zake. Mimi nipande wapi? Waambie waje waiondoe.

Mama yako,
Luciana

Tabora
5 Novemba 1975

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa shamba. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nimesimamishwa kazi. Mkubwa wetu wa karakana anasema mguu uligoma kwa sababu mimi fundi sikuupaka mafuta. Mama, mguu ule umeliwa na kutu! Nimemwambia mara ngapi ubadilishwe, akasema ndege iliyopigana vita haifi kwa kutu. Leo amenigeuzia kibao. Tume itakuja kuutazama, na wasiponiamini ni jela. Nakuomba sana, mguu ule mtu asiuguse mpaka waje.

Mwanao,
Flavian

Sumbawanga
19 Desemba 1975

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko? Za huku ni kulinda chuma.

Mvua imeshika, ulezi wa wenzangu umeota, mimi sina hata punje ardhini. Nakula kwa shangazi yako Bertilla kama mgeni. Hiyo tume yenu inakuja kwa kutambaa? Mwenyekiti Urbano anataka bati za mabawa afulie sufuria, maana dukani hakuna. Nimemfukuza na mchi! Eti nimeolewa na ndege. Nimechoka, Flavian, nimechoka kabisa. Lakini mguu wako hakuna aliyeugusa.

Mama yako

Tabora
20 Januari 1976

Mama,

Shikamoo. Afya yako? Tume inaondoka wiki ijayo. Sina tegemeo jingine zaidi ya mguu huo. Vumilia kidogo tu.

Mwanao

Sumbawanga
9 Februari 1976

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo! Mgongo leo hata siusikii. Wageni wamekuja, watatu, na gari.

Nilipopata barua yako nilikwenda kuutazama ule mguu, nikaona haya. Mwekundu, unapukutika! Mtu akiukuta hivyo si atasema ni kweli, Flavian hapaki mafuta? Tukausugua na Bertilla kwa mchanga na majivu, nje na ndani, mpaka vidole vikachubuka. Kisha tukaupaka mafuta ya karanga, chupa nzima. Najua ulisema mtu asiguse. Mimi si mtu, mimi ni mama yako.

Mkubwa wa tume akapitisha kidole, akakinusa. Akaniuliza, "Mama, fundi alituambia huu mguu umejaa kutu. Kutu iko wapi?"

Nikamjibu bila woga, "Kutu gani? Mwanangu si mchafu!"

Akaandika, wakaondoka. Hata ugali hawakuonja, watu gani hao? Lakini sasa wamekujua. Niandikie upesi uniambie wamekurudisha kazini.

Mama yako

Tabora
30 Machi 1976

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa.

Jibu la kwanza nililokuandikia nimelichana, na la pili pia. Nilikuwa na hasira, mama, tena bado ninayo. Kutu ile ndiyo ingenitetea. Tume imesema mguu ulikuwa mzima, na kwamba ndugu wa fundi wameupaka mafuta kuficha uzembe wake. Jela nimeiepuka kwa kuwa hakuna aliyekufa. Kazi imekwisha. Mkubwa wetu yupo palepale, ameletewa ndege nyingine ya namna ileile.

Nilitaka kukuuliza kwa nini. Lakini nimeisoma barua yako mara nyingi, na kwa nini yenyewe imo humo.

Nakuja kabla ya Pasaka. Usiniombe msamaha, na usiniulize kitu wiki ya kwanza. Nipe jembe tu.

Mwanao,
Flavian